Kunazi Kumi na Tatu

Barazani kwetu, Langoni, ubao ni sakafu.
Chokaa imepoa. Nimemwaga kunazi za shilingi kumi,
tumezihesabu mara mbili, maana Famau
hesabu yake huanzia mfukoni.
Kumi na tatu.

"Moja kwako, moja kwake," nawaambia,
"msikurupuke. Kugawanya ni kuzunguka
mpaka mkono ukose cha kutoa."
Tima, Lali, Kupi, Famau.
Mzunguko wa kwanza, wa pili,
wa tatu, hapo punda akapita na mifuko ya saruji,
tukakunja miguu, tukaendelea.

Kila mtu tatu. Katikati imesalia moja,
nyekundu kuliko zote.
"Hini ni ya nani?" Lali auliza.
"Si ya mtu. Yaitwa baki."
Tima ataka tuikate kwa kisu.
Kupi asema mpishi ana ukoko wake,
mgawaji naye je?
Hilo kitabuni halimo.

Nikainama kuandika. Kuinua macho,
katikati peupe.
"Haina baki tena, mwalimu," asema Famau,
shavu moja limevimba.

Nikamkingia kiganja.
Akatema.
Na daftarini, kwa wino mwekundu, nikaandika:
kumi na tatu kwa wanne, tatu tatu,
baki kokwa.