Mgema wa Joboji

Siku aliyonikabidhi miti, Obonai hakuhutubu.
Alinifunga kengele kiunoni, ya kufukuza dubu,
akagusa gome kwa kidole: hapa, upana wa ukucha.
Kisha siku nne usiuguse.
Ya tano, juu kidogo, na urefu uzidi kidogo.
Mti ukijeruhiwa kwa pupa hukata tamaa.
Ukijeruhiwa kwa adabu hujitetea,
na huko kujitetea ndiko tunakokinga.

Tone hutoka jeupe kama tui;
hujafuta jasho, limeshakuwa kahawia.
Kwangua, kinga. Kwangua, kinga.
Miti themanini kwa siku, tangu Juni,
na jioni kopo langu la gome
jepesi kama nililotoka nalo asubuhi.

Wiki ya pili uso ukavimba,
macho yakaziba, shingo ikawaka upele.
Nilijikuna usiku kucha hadi damu.
Mama akapiga simu kutoka Sendai:
dukani bado wanauza simu, kiti chako kipo.
Bi Kiyono akanikanda kwa kitambaa cha maji baridi.
"Ulibisha hodi," akasema, "nao mti umeitika."
Sikucheka. Midomo ilikuwa haifunguki.

Mgema wa huku hasifiwi,
basi hana sababu ya kutia maji.
Jina chini ya bakuli ni la mpakaji,
picha gazetini ni ya mpakaji,
naye, haki yake, hupaka tabaka juu ya tabaka
na kuliweka bakuli kabatini, penye unyevu,
kwa kuwa utomvu huu haukaushwi na jua:
hukauka palipo na umande.
Mpaka leo sielewi. Nimeacha kuuliza.

Oktoba, Obonai akanipa shoka.
Mti ulipandwa mwaka shule ya hapa ilipofungwa;
watoto watatu wa mwisho walishika koleo,
na mwalimu, wanasema, alishindwa kuimba.
Miaka kumi na mitano ya mvua na theluji:
nikapima nilichokinga,
kikombe kimoja cha chai, hakikujaa.
Kovu zake zilipanda pande zote mbili
kama ngazi isiyofika popote.
Nikaukata. Mikono ilitetemeka, lakini nikaukata,
kwani mti uliokwisha kutoa vyote
hufa kisiki na mizizi ukiachwa umesimama.

Asubuhi ile tulikunywa supu ya miso.
Bakuli la Bi Kiyono ni la arusi yake,
jekundu, lenye pengo ukingoni,
na pale kidole gumba chake hukaa
limeng'aa kuliko lilipokuwa jipya.
Ni miti mingapi mle? Nilianza kuhesabu,
akaniongeza figili.

Theluji ilipoyeyuka nilirudi peke yangu.
Kisikini, machipukizi saba, mekundu ncha.
Nikiacha moja, nitalikinga
nikiwa na miaka arobaini na mmoja.
Nilichuchumaa pale muda mrefu, kisu mkononi,
nikashindwa kuchagua.
Obonai akatokea nyuma yangu, anahema kwa kilima,
akaniuliza kengele iko wapi.