Iache Ione

Kila mtoto alivishwa saa isiyosema saa:
mpira mweusi, na chini yake jicho la kijani
linalomulika mshipa, likazima, likamulika tena.
Mimi nikapewa kidude cha chuma cha kubonyeza,
kama cha karani wa magunia kule bandarini,
na kazi yangu wiki mbili hapa Mshomoroni
ni kuifuata miguu ya watoto kwa macho
na kusema: moja. Moja. Moja.
Jioni tunalinganisha.
Nani mwongo, saa au kidole?

Swabra, siku ya kwanza.
Saa iliandika hatua elfu mbili na mia tatu
baina ya alasiri na magharibi.
Kidole changu, ishirini na mbili:
za kwenda jikoni kuchukua sinia, na kurudi.
Mkuu wa utafiti akapiga simu. "Ulisinzia?"
Nikamwambia, bwana, mtoto alikuwa ameketi juu ya mbuzi.
Kimya.
"Huyo mbuzi alikuwa akikimbia?"
Ikabidi nimweleze, yeye mtu wa tui la paketi,
kwamba mbuzi huyu ni wa mti, ana ulimi wa chuma,
hali majani, hula nazi,
na mkono unaokuna nazi za wali wa arusi
waweza kufika Nyali na kurudi
bila makalio kuinuka.

Zahran husoma chuoni akiyumba, mbele, nyuma,
na saa ikamtunuku hatua mia sita kwa sura moja fupi.
Jioni, uwanjani, wenzake wakamwambia avue,
chombo cha watu kitavunjika.
Akacheza mpaka jua likazama,
saa imelala ndani ya kiatu cha golikipa
ambaye hudaka pekupeku.
Kwa hesabu yake, basi, Zahran hakwenda uwanjani.

Nyevu.
Mifereji ilikauka tangu Jumatatu.
Kutoka kioski cha maji hadi kwao
ni mitungi miwili, mmoja kila mkono,
mikono imenyooka kama kamba za kisima,
bega halitikisiki, maana maji yakitikisika humwagika,
na yakimwagika, unarudi.
Safari sita. Za mzigo tu nilizihesabu,
hatua fupi fupi, kisigino hakikai sana chini,
nikabonyeza hadi kucha ikauma:
elfu tatu mia moja na nane.
Saa: mia mbili na kumi na moja.
Na kwenye kioo chake kidogo
kikachomoza kikatuni kilichonuna,
na maneno: Jitahidi! Inuka, utembee kidogo.

Akayasoma kwa sauti. Ana miaka tisa, anajua kusoma.
Mitungi bado iko miguuni pake, inatona.
"Inaniambia mimi?"

Sikuwa na jibu. Nami nina yangu ya kutubia.
Wakicheza kibe hupotea nyuma ya ukuta wa kinu cha unga,
nasikia vicheko, sioni miguu,
na kidole hubonyeza kwa kukisia, kumi, ishirini,
kisha naandika kwa wino
kama mtu aliyeona.

Siku ya kumi akaja ameivaa mguuni,
juu kidogo ya kifundo, kama kikuku cha bibi arusi,
mitungi yake miwili mikononi.
"Iache ione," akasema,
akanipita.
Nikamfuata. Jicho la kijani likimulika vumbi,
kidole changu kikienda nalo, kokoto, mtaro, ngazi tatu za kwao.
Mlangoni tukalinganisha:
mimi mia tano na kumi na nane,
saa mia tano na ishirini.
Hizo mbili, nadhani, ndipo nilipopepesa.

Fomu inasema: mkono wa kushoto.
Penginepo pote, futa.
Nikafuta.
Kwa penseli, mstari mmoja mwembamba,
namba ikabaki yasomeka chini yake.
Nyevu alikuwa ameshamimina maji pipani
na anashuka ngazi tena, mitungi mitupu
ikigongana.