Jiwe la Mpakani

Mama alinigongea mlango kabla ya jogoo wa pili.
"Vaa viatu vya tope. Leta mtaimbo."
Mwezi ulikuwa bado juu ya theluji ya Kaukazi,
mwembamba kama kisu kilichonolewa mara nyingi mno.
Nikajua ni lile jiwe.

Tangu Kwaresima alikuwa mgonjwa wa jiwe lile.
Alifunga, akala maharage matupu,
aliwasha mishumaa ya nta mpaka vidole vikanuka asali,
akaahidi kwenda pekupeku hadi kanisa la mlimani,
siku mbili za miiba na kokoto.
Mungu hakutaka miguu yake.
"Kila nikipiga magoti," aliniambia akimenya vitunguu
(sikujua machozi yale ni ya nini),
"naliona jiwe. Naomba mvua, naliona jiwe.
Nakuombea mke, naliona jiwe."

Baba alilisogeza mwaka ule tuliokaa gizani
majira yote ya baridi,
dola kubwa ilipoanguka, na ardhi
ikagawiwa kwa kamba na kelele.
Usiku mmoja tu. Hatua saba.
Safu tatu za mizabibu ya Shalva
zikaamka asubuhi zikiwa zetu.
Nilisomeshwa kwa safu hizo: viatu, kalamu,
hata meno ya mama ya mbele, yale ya dhahabu.
Baba amekufa. Shalva amezeeka, hakumbuki,
au anakumbuka na amechoka.
"Hakuna karatasi," nilimwambia mama.
Akasema, "Ndiyo maana."

Tulichimba. Jiwe lilikuwa limeizoea dhambi yetu,
limekaa kama mwenyeji.
Mtaimbo uliteleza, ukanichuna kiganja.
Mama, miaka sabini na mmoja, akasukuma kwa bega
akihesabu kwa sauti:
moja, mbili,
kwenye ya tano akaketi. Nikadhani ameghairi.
Nilitamani aghairi, sitasema uongo.
Zabibu zilibakiza wiki mbili,
nyeusi, zimejaa, zinaning'inia kama deni.
"Tungoje mavuno," nikasema. "Mungu ana haraka gani?"
"Yeye hana haraka. Mimi ndiye niliyechelewa
miaka thelathini."
Sita.
Saba.

Shalva alitoka jua likichomoza, kikombe cha chai mkononi.
Akatazama jiwe. Akatazama shimo tuliloliacha.
Hakutushukuru, hakumkumbatia mtu.
"Safu ya kati ina ukungu," alisema,
akarudi ndani, akafunga mlango.

Nilikasirika mpaka adhuhuri.
Nilitarajia nini, malaika na tarumbeta?
Mama alinawa kwenye pipa, akakata mkate,
akanipa upande wenye ganda gumu niupendao.
Jibu lilikuwa hilo tu.

Kila Jumapili husema nasadiki kwa mdomo,
haraka haraka, nikiwaza chakula.
Usiku ule kiganja kiliwaka moto,
na kwa mara ya kwanza
nilijua imani ina uzito, na kwamba mtu huibeba
akiwa hajui itatua wapi.

Mama alipiga magoti mbele ya picha takatifu iliyopauka.
Nilisimama mlangoni nikisikiliza.
Aliomba mvua ichelewe. Aliniombea mke.
Akamwombea Shalva dawa ya ukungu.
Kisha akanyamaza muda mrefu,
kimya cha mtu anayetazama shamba
na hakuna kitu kinachomzuia macho.