Kipimo cha Pengo

Zamu yangu ya chama iliangukia wiki ya mvua:
elfu ishirini na sita, na mweka hazina akabaki na mia nne
za chai aliyoapa kwamba tuliinywa.

Nilitaka kompyuta ya kuchorea nembo za sweta,
tai wa shule hii, mwenge wa shule ile,
niache kumlipa kijana wa Milimani
mia nane kwa kila jani la mti analonichorea.
Mimi ni fundi cherehani, kupima nimezeeka nako.
Nilidhani kunatosha.

Nikaanza na prosesa,
kama mtu anayenunua vifungo kabla ya kitambaa.
Iling'aa kiganjani mwa muuzaji pale Kondele,
elfu tano na mia mbili, ikafungwa kwa gazeti.
Obunde, chumba cha nyuma cha duka la mbolea,
aliigeuza, akaitafutia mwanga wa dirisha.
"Hii ina pini," akasema. "Na bodi mama uliyoiandika hapa
ina pini zake vilevile. Nani atampokea mwenzake?"
"Mafahali wawili," nikamjibu.
"Afadhali mafahali, wangepigana.
Hizi ni plagi mbili."

Muuzaji akakubali kubadilisha.
Akakata mia tano za usumbufu.
Usumbufu ulikuwa wangu.

Jumapili, Kibuye, kwenye turubai
la rimoti zisizo na mifuniko na chaja zilizosokotana,
nikakuta vijiti viwili vya ramu, bei ya kutupa.
Safari hii nilikuja na futi yangu ya utepe.
Kila kijiti kina pengo katikati ya meno ya dhahabu,
na la hivi lilikuwa limesogea, upana wa punje ya mtama,
kutoka pale ulimi wa bodi yangu unapolisubiri.
Ni vya kizazi kilichopita.
Nikamkumbuka mama, meno sita ya chini
yaliyong'olewa akiwa msichana, desturi ya wakati wao:
maradhi yakija kumfunga taya, walisema,
uji utajua pa kupita.
Tangu siku hiyo pengo naliita anwani.
Nikavirudisha vijiti kwenye turubai.

Pawa saplai nilizipima kwa mizani ya jirani muuza njugu.
Moja iliandikwa wati mia tano;
ilishindwa na robo tatu ya njugu.
Nikachukua nzito, ya mtumba, ghali kuliko nilivyopanga,
kwa sababu hapa Nyalenda stima ikipotea na radi
hurudi na hasira ya mtu aliyefukuzwa.

Kadi ya picha nikaiacha.
Prosesa niliyobadilishiwa ina picha yake humo ndani,
ndogo, kama mfuko wa siri wa koti.
Kasha nalo, elfu tatu! Bati tupu!
Nikaivua droo ya cherehani iliyokufa mwaka juzi,
nikatoboa tundu la feni kwa msumari wa moto.
Nyumba nzima ilinuka mbao hadi usiku.

Tukaiwasha. Ikalia mara tatu, fupifupi,
kama mtoto anayekataa titi.
Obunde hakushika simu.
Adera, darasa la saba, akaichomoa ramu mpya,
akayasugua meno yake kwa kifutio cha penseli,
akaisukuma kwa vidole gumba viwili
hadi nikapiga kelele kwamba ataivunja.
Kla. Halafu upande wa pili: kla.

Mwanga ukaja kwenye skrini ya kuazima.
Saa yake ilidai tuko mwaka
ambao Adera alikuwa hajazaliwa.
"Ni betri tu," akasema, "ile ya mviringo kama sarafu.
Shilingi hamsini."

Nikafungua daftari.
Zilikuwa zimebaki arobaini.
Basi tai wangu wa kwanza, bawa la kushoto limepinda,
ameandikwa kwa tarehe ya zamani,
kabla sijamjua hata baba yake Adera.