Mita Nane za Marinda

Mwalimu Ombaka alinijia na picha kwenye simu:
wanaume kumi na wawili, magoti wazi,
sketi nzito za miraba, mashavu yamefura
kwa kupuliza zumari zenye mfuko.
"Zinaitwa kilti," alisema, akingoja nicheke.
Sikucheka.
Nimeshona kanzu za makasisi,
nimeshona joho la hakimu aliyenenepa
kati ya siku ya kupimwa na siku ya kuvaa.
Sketi ya mwanamume hainitishi.
Kilichonitisha ni zile mita nane za kila mmoja
na jua la Kibuye saa saba mchana.

"Nataka sufu," akasema, "kama wenyewe.
Inaanguka vizuri mtu akipiga hatua."
Nikamwonyesha paa: mabati.
Nikamwonyesha utepe wangu wa kupimia,
ulivyolowa jasho la shingo hadi namba zimefutika
kuanzia thelathini na mbili.
Mwalimu, sufu naisifu,
lakini hapa Kisumu hata mbuzi
hujibanza kivulini mwa mbuzi mwenzake.

"Basi poliesta. Kwa Kantilal ni nusu bei,
haijikunji, haichuji, miraba inang'aa."

Sikumjibu. Nilichomoa uzi mmoja mmoja
kwenye vipande vya sampuli,
nikaweka kisahani juu ya cherehani,
nikawasha kiberiti.

Sufu ilinuka kama nywele kwa kinyozi,
kisha moto ukafa wenyewe, bila kusukumwa.
Pamba ikawaka haraka, harufu ya karatasi,
ikabaki jivu laini unaloweza kulipuliza.
Poliesta ilijikunyata, ikalia, ikadondoka,
ikaacha tone jeusi, gumu,
lililong'ang'ania kisahani kama kupe.

"Bendi yenu hupiga wapi sana?"
"Matangani."
"Mchana?"
"Mchana twasindikiza mwili. Usiku twakesha,
twauzunguka moto wa magogo hadi alfajiri."

Nikalisukuma lile tone kwa ncha ya sindano. Halikubanduka.

Dada yangu ana binti, Adongo.
Gauni la Krismasi, waridi, lenye mawimbi matatu,
na jiko la makaa mlangoni.
Kule Russia wauguzi walibandua kitambaa kwa koleo,
kipande kwa kipande, siku nne,
kwani hakikuwa tena kitambaa
na pale palipokuwa ngozi hapakuwa ngozi.
Sasa ana miaka kumi na tisa.
Huvaa mikono mirefu hata Januari.
Gauni lile nililishona mimi.
Nililichagua kwa sababu lilimetameta.

Mwalimu akatazama chini, kwenye pedali.
Feni ikaendelea kugeuza shingo.

Basi tukapanga. Pamba, drili nzito,
ioshwe mara mbili kabla ya mkasi
isije ikaruka juu ya goti baada ya mvua ya kwanza.
Mita tano zatosha: marinda mapana, nyuma tu,
mbele pawe wazi, hewa ipite.
Bitana ya pamba pia, maana wengi
huvaa usalama nje, hatari wakaificha ndani.
Na pindoni nitashonea sarafu za shilingi moja,
upepo wa ziwa hauna adabu
na marehemu ana wakwe.

"Itajikunja," akasema.
Itajikunja. Itapauka pia, na mtapiga pasi.
Na sikudanganyi, pamba nayo huungua.
Ila huungua ikakuachia.
Ukikimbia, ukiivua, inavulika.

Akahesabu vidoleni, akahesabu tena,
akalibandua lile tone kwa kucha,
akalitia mfukoni mwa shati.
"Kamati," akasema, "haiamini maneno."

Alifika hadi kwa muuza vitunguu, akarudi,
kichwa tu mlangoni:
"Na soksi je?"

Zilete, nikamwambia.
Kiberiti kingalipo.