Kamba ya Bluu

Mada ya tatu ilipoanza nikachepuka
kwa mlango wa jikoni.
Siku mbili Dar es Salaam naitazama
kwa kioo cha ghorofa ya tisa,
kiyoyozi kikinikausha koo.

Sanamu ya Askari ni fupi kuliko nilivyoiwaza.
Samora nikala muhogo wa kuchoma,
pilipili ikanitoa kamasi.
Kisha Kariakoo, kumtafutia mama kanga.

"Karibu, Tulinagwe!"
Muuza kahawa.
Jina langu! Jina alilonipa bibi kule Tukuyu,
mji mzima huu, na mtu analijua.
Moyo ukanenepa.

"Dada Tulinagwe, pita," akasema wa viatu.

Ila muuza dagaa, kuniona tu,
akabandua kibati chini ya sahani ya mizani,
akapima upya,
akaniongezea kiganja, kisha kingine,
macho yake kwenye dagaa.

Nikajipapasa kifuani.
Kamba ya bluu. Kadi ya mkutano:
TULINAGWE MWASUMBI
AFISA VIPIMO, RUNGWE.

Nikaivua.
Nyuma yangu, "Mama, kanga, mama!",
sauti ile ile ya kila mtu.

Dagaa wale niliwapima nyumbani.
Wamezidi robo kilo.
Sijui namrudishia nani.