Kikopo cha Githeri

Githeri niliyoifunga alfajiri kule Kayole
bado imo kabatini, chini ya sweta.
Saa saba nilikuwa na damu ya mtu viganjani.
Saa tisa Nasimiyu akanisukuma: nenda ule, nitakushikia wodi,
naye tangu asubuhi hajaenda msalani.

Kitanda cha nne, Mzee Mutiso.
Namsisitizia: dawa hii usiimeze na tumbo tupu.
Anautazama mkono wangu, kikombe kinavyotetemeka.
"Nawe, sista, umeandikiwa nini?"

Nacheka. Najaza chati:
maji aliyokunywa, uji aliobakiza, mkojo,
vitanda thelathini na viwili.

Saa mbili usiku, Ngara imewasha taa,
nafungua kikopo ngazini.
Nainusa. Imechacha.
Nakula kijiko kimoja,
kisha cha pili.